Semina kwa Njia ya Mtandao: Maelezo kwa Watumishi wa Umma na Wafanyabiashara wa Unguja na Pemba

Ukurasa huu kwa kawaida huchukua matangazo ya zabuni, nafasi za kazi na mabadiliko ya ada. Safari hii nafasi imetolewa kwa maelezo kuhusu jambo ambalo limeingia katika afisi zetu na katika biashara za wananchi bila ya kupiga hodi, nalo ni semina inayoendeshwa kwa njia ya intaneti, ambayo wengi wamezoea kuiita webina. Semina hizo sasa zinatumika kufundishia watumishi na kutafutia wateja. Fedha za umma na za watu binafsi zinatumika kuzigharamia, lakini matokeo yake mara nyingi hayalingani na gharama hizo wala na muda wa watu wanaoitwa kuzihudhuria.

Ifahamike kwanza kwamba webina si sawa na mkutano wa kawaida wa mtandaoni, ingawa zote mbili hufanyika mbele ya skrini. Katika mkutano kila aliyeingia anaweza kufungua kipaza sauti chake na kusema. Katika webina watoa mada ni wachache na wasikilizaji ni wengi. Msikilizaji haonekani wala hasikiki mpaka aruhusiwe, na maswali yake huyaandika katika sehemu maalumu ambayo msimamizi huisoma na kuipanga. Mshiriki hujiandikisha mapema, na baada ya semina mwandalizi hupata orodha ya walioingia, saa waliyoingia na saa waliyotoka. Kwa hiyo anayetaka watu kumi na tano wajadiliane bajeti ya idara anahitaji mkutano, na anayetaka kuwafundisha watu mia mbili utaratibu mpya wa kujaza fomu anahitaji webina. Kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakozaa semina ambayo ndani yake husikika kuku, redio ya jirani na mtoto anayeomba maji.

Jambo hili si jipya kama linavyodhaniwa. Kampuni ya WebEx iliyokuwa miongoni mwa za mwanzo kufanya biashara ya mikutano ya mtandaoni iliundwa Marekani mwaka 1995, na mwaka 2007 ikanunuliwa na Cisco. Eric Yuan, aliyekuwa mhandisi katika WebEx, alianzisha Zoom mwaka 2011, na huduma yake ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2013. Kilichoifanya huduma hiyo ijulikane mpaka shehiani ni maradhi ya UVIKO-19. Kwa takwimu za kampuni yenyewe, idadi ya juu ya washiriki wa mikutano yake kwa siku moja ilikuwa takriban milioni 10 mwishoni mwa Disemba 2019, na ilipofika Machi 2020 ilikuwa imepita milioni 200. Mwezi wa Aprili 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa nchini, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei, na katika kipindi hicho wenye hoteli, waongoza watalii na wauza viungo waligundua kwamba mteja wao alikuwa Ulaya na wao walikuwa hapa, na kati yao hakukuwa na njia isipokuwa waya wa mawasiliano.

Kwa upande wa Serikali sababu ni ya zamani zaidi kuliko maradhi hayo, na sababu hiyo ni bahari. Mtumishi wa Wete au Mkoani anayeitwa Unguja kwa mafunzo ya siku moja aghalabu hutumia siku tatu: moja ya kwenda, moja ya mafunzo na moja ya kurudi, na pepo za kusi zikichafuka huenda ikawa nne. Siku hizo tatu dawati lake liko tupu. Kama ni mwalimu, darasa halina mwalimu. Kama ni daktari msaidizi, foleni ya wagonjwa inamngojea mwenzake mmoja aliyebaki. Zipo gharama za nauli na malazi. Na wapo wengi miongoni mwetu ambao hawajaisahau tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya MV Spice Islander I ikiwa safarini kuelekea Pemba na kupoteza mamia ya watu. Hakuna anayesema kwamba safari za bahari zikome; visiwa ni visiwa. Lakini safari ya kwenda kusomewa kurasa ishirini ambazo zingeweza kusomwa Chake Chake ni safari isiyokuwa na lazima.

Mwandishi wa maelezo haya aliwahi kuhudhuria semina ya mtandaoni ya afisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa. Barua ya mwaliko iliandika "3:00" bila ya neno la asubuhi, mchana au alasiri. Wenzetu wa Pemba wakaingia saa tatu asubuhi, wakakaa mbele ya skrini nyeusi, wakapiga simu, wakaambiwa kwamba kilichokusudiwa ni saa tisa alasiri kwa hesabu ya saa za kizungu. Saa tisa ilipofika, itifaki ikaanza: utambulisho wa meza kuu, salamu, neno la ukaribisho, risala fupi ambayo haikuwa fupi, na hotuba ya ufunguzi. Mtoa mada alipopewa nafasi na kuonesha ukurasa wake wa kwanza, mawasiliano yakakatika kwa wote. Mtandao haukuwa na kosa lolote. Afisi ile ilitumia huduma ya bure ya Zoom, ambayo mkutano wake wa kikundi hufungwa kila baada ya dakika 40, na dakika hizo zote zilikuwa zimekwisha katika kumkaribisha mgeni rasmi. Robo ya watu hawakurudi. Katika ripoti iliandikwa kwamba mafunzo yalifanyika.

Mambo yote matatu yaliyoiharibu semina ile, yaani saa, itifaki na huduma iliyochaguliwa, yangeweza kurekebishwa bila ya kuongeza senti moja.

Kuhusu saa

Sisi watu wa mwambao tunahesabu saa kuanzia kuchomoza na kuchwa kwa jua, na kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Barua ya mwaliko kwa watu wa hapa iandike "saa 8:00 mchana", kwa maneno na tarakimu, na kamwe isiache tarakimu peke yake. Mwaliko kwa wageni uandike saa ya kizungu na utaje kuwa ni saa ya Afrika Mashariki. Aidha, huduma nyingi za mtandaoni humtumia aliyejiandikisha ukumbusho wenye saa ya mahali alipo, na ukumbusho huo ukigongana na barua ya mkono, mshiriki atashika ule uliokosewa. Hiyo ndiyo kawaida ya mambo.

Kuna na sala. Semina inayoanza saa 9:00 alasiri hukutana na adhana ya Alasiri katikati ya maelezo, na ile ya saa 6:00 mchana hukutana na Adhuhuri. Muda wa saa 8:00 hadi saa 9:00 mchana umetulia, na wakati huo London huwa ni saa 5 asubuhi katika miezi ya baridi na saa 6 mchana katika miezi ya joto, kwa sababu Waingereza na nchi nyingi za Ulaya husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwenye wateja Muscat asisahau kwamba Oman imetutangulia kwa saa moja na kwamba mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, wakati Umoja wa Falme za Kiarabu umehamia Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, Ijumaa ikiwa nusu siku. Anayewataka Wamarekani wa New York afanye semina yake baada ya sala ya Isha: saa 2:00 usiku hapa ni saa 6 mchana kwao katika miezi ya baridi, na saa 7 mchana katika miezi ya joto. Katika mwezi wa Ramadhani semina za mchana zifupishwe, na za jioni zisiwekwe karibu na futari hata kama mgeni wa ng'ambo ameomba hivyo.

Kuhusu gharama ya kusikiliza

Mwandalizi hukaa katika afisi yenye intaneti ya kulipiwa na Serikali au kampuni. Msikilizaji wake ananunua bando kwa fedha yake. Jambo hili husahauliwa mno. Kwa mujibu wa maelekezo ya kampuni ya Zoom, sauti peke yake huhitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na kuonesha kurasa za maelezo bila ya picha za watu huhitaji kilobiti 50 hadi 75. Picha ya video ya kikundi yenye ubora mzuri inataka kilobiti 600 au zaidi kwa upande wa anayepokea. Tukizidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, sauti pamoja na kurasa hutumia takriban megabaiti 70, wakati video hutumia 270 na kuendelea. Kwa hiyo mtoa mada aoneshe uso wake mwanzoni kwa dakika mbili au tatu, ili watu wajue wanazungumza na nani, kisha aifunge kamera na kuiacha sauti na kurasa zifanye kazi. Wapo wakubwa ambao hawapendi kuondoka kwenye skrini. Waelezwe kwa adabu kwamba kila dakika wanayoonekana inalipiwa na mkulima wa Micheweni.

Kurasa zenyewe ziandikwe kwa kuzingatia kwamba wengi watazisoma kwenye simu ya mkononi. Herufi ziwe kubwa, na mistari mitano au sita katika ukurasa inatosha. Jadweli la safu kumi na mbili halisomeki hata kwa mwenye macho mazuri. Litumwe kama waraka kwa WhatsApp siku moja kabla, na mtoa mada aseme "tazameni safu ya tatu ya jadweli mliyoipokea". Lugha iwe Kiswahili pale ambapo wasikilizaji ni Waswahili. Ni ajabu kuona watu thelathini wa Unguja na Pemba wakifundishwa kwa Kiingereza na mtu wa Mjini Magharibi kwa sababu tu kurasa zake alizipokea kwa lugha hiyo.

Njia bora zaidi ya kupunguza gharama, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kusikiliza pamoja. Watumishi ishirini na tano wa wilaya moja, kila mmoja akifungua video kwa simu yake, watatumia megabaiti zaidi ya 6,700 kwa saa. Wakikaa katika ukumbi wa skuli wenye projekta na spika, watatumia megabaiti 270 kwa jumla. Lakini faida kubwa iko kwingine. Wenye umri watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" iliyofanyika Tanzania Bara mwaka 1973. Vipindi vya afya vilirushwa kwa redio kwa wiki kumi na mbili, na watu wapatao milioni mbili wakavisikiliza, si kila mmoja peke yake, bali katika vikundi vyenye viongozi waliofundishwa kabla, ambao idadi yao ilikaribia 75,000. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili, kisha kikakubaliana la kufanya kijijini: kuchimba choo, kufukia madimbwi ya maji, kusafisha kisima. Redio haikuwa na sehemu ya kuuliza maswali wala haikuonesha picha, na hata hivyo watu walishika majembe.

Mfano huo unafaa kufuatwa. Badala ya kuwaacha washiriki wa Pemba kila mmoja na simu yake, afisi inayoandaa mafunzo iteue kiongozi katika kila wilaya, impe maelezo siku mbili kabla, na katika ratiba iweke dakika ishirini ambazo mtandao unanyamaza kabisa. Katika dakika hizo kila ukumbi unajadili kwa uso swali moja lililotolewa, kwa mfano: ni kipengele gani cha fomu hii ambacho wananchi wa wilaya yenu watashindwa kukijaza, na kwa nini? Kisha viongozi wanarudi mtandaoni na majibu. Ukumbi pia hutatua tatizo la wale ambao simu zao ni ndogo, wasioona vizuri, na viziwi, ambao mkalimani wa lugha ya alama akisimama mbele yao anaonekana vyema kuliko akiwa ndani ya kisanduku cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba.

Namna ya kuendesha mafunzo

Mtu mmoja hawezi kufundisha, kusoma maswali, kuwaruhusu waliochelewa na kumjibu aliyepotewa na sauti. Wanahitajika wawili kwa uchache: mtoa mada, na msimamizi ambaye kazi yake ni maswali na mitambo. Wote wawili wafanye majaribio siku iliyotangulia, katika chumba kile kile na kwa laini ile ile watakayoitumia, na saa ile ile pia, kwani mtandao wa saa 2 asubuhi si mtandao wa saa 8 mchana. Kipaza sauti kidogo kinachounganishwa na simu kinafaa kuliko kile kilichomo ndani ya kompyuta. Msikilizaji atavumilia picha yenye ukungu, lakini sauti inayokwaruza humfukuza kabla ya robo saa kupita. Feni ya juu izimwe. Sauti yake haisikiki kwa aliyeko chumbani, lakini kwa aliyeko Konde ni kama mvua juu ya bati.

Dakika arobaini na tano za kufundisha zinatosha kwa kikao kimoja. Mafunzo ya siku nzima ya ukumbini hayawezi kuhamishiwa mtandaoni kama yalivyo. Yagawanywe vikao vinne vya wiki nne, na baina ya kikao na kikao mshiriki apewe kazi ndogo ya kufanya kwenye dawati lake mwenyewe. Hapa ndipo mafunzo ya mtandaoni yanapoweza kuushinda ukumbi, kwani anayesafiri hujifunza mbali na kazi yake na hurudi akiwa amesahau nusu, ilhali huyu anajaribu kesho yake na wiki ijayo anarudi na swali la kweli. Itifaki ipunguzwe iwe dakika tano. Hotuba ya mgeni rasmi inaweza kurekodiwa na kutumwa kabla, na heshima yake haitapungua.

Kuhudhuria kupimwe kwa kazi, si kwa jina kuwemo katika orodha. Ripoti ya mitambo itasema kwamba mshiriki fulani alikuwemo dakika 118, lakini haitasema kwamba simu yake ilikuwa mezani na yeye alikuwa sokoni. Maswali mafupi ya kupigiwa kura kila baada ya dakika kumi au kumi na tano husaidia. Kazi ya nyumbani husaidia zaidi. Cheti kitolewe kwa aliyewasilisha kazi.

Limebaki jambo ambalo watu hulizungumza barazani na hawaliandiki: masurufu. Kwa mtumishi wa kipato kidogo, safari ya mafunzo ilikuwa pia njia ya kupata akiba ya kumalizia ada ya mtoto, na semina ya mtandaoni imemwondolea. Kumlaumu kwa kutoipenda ni kukosa insafu. Afisi itakayookoa nauli na malazi ya watu arobaini inaweza kwa sehemu ndogo ya fedha hizo kumpa kila mshiriki bando la kipindi chote, chakula cha mchana ukumbini, na muda halisi wa kazi wa kujifunza, badala ya kumtaka asikilize huku akihudumia watu dirishani. Isipofanya hivyo isishangae kuona majina yapo na watu hawapo.

Kwa wafanyabiashara

Anayeuza kwa njia ya webina hupotea pale anapoifanya tangazo refu. Hakuna mtu atakayetoa saa moja ya maisha yake kusikiliza sifa za bidhaa. Atatoa saa hiyo kujifunza jambo lenye manufaa kwake, na akiwa ameridhika na mwalimu atauliza bei mwenyewe.

Tuchukue mfano wa kikundi cha kina mama wanaotengeneza sabuni na mafuta ya mwani. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara hapa Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na tangu hapo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani mkavu huuzwa nje kwa bei ndogo kwa kilo. Sabuni yake huuzwa kwa bei nyingi zaidi, na kwa sababu hiyo kikundi kinatafuta maduka na hoteli za kununua sabuni. Webina yao isiitwe "Nunueni sabuni zetu". Iitwe, kwa mfano, "Mwani wa Zanzibar: unavyolimwa, unavyokaushwa, na namna ya kutambua sabuni yenye mwani wa kweli", na waalikwe wanunuzi wa hoteli na wenye maduka madogo ya vipodozi vya asili. Mkulima mwenyewe aeleze kamba na vigingi, maji ya bamvua yanapotoka, na jinsi aina ya mwani iliyokuwa na bei nzuri, inayoitwa kotoni, ilivyokuwa ikifa kadiri maji ya pwani yalivyozidi joto. Mnunuzi wa Hamburg hajapata kuyasikia haya kutoka kinywani mwa anayeyafanya. Vipande vya video vya shambani virekodiwe mapema. Kujaribu kurusha moja kwa moja kutoka ufukweni ni kujitafutia aibu. Kama Kiingereza cha mkulima ni kidogo, aseme Kiswahili na mwenzake afasiri sentensi kwa sentensi. Sauti yake ina thamani kuliko ufasaha wa wakala.

Nusu ya muda iachwe kwa maswali. Maswali hayo yaandikwe yote, hata yale ambayo hayakupata jibu, kwani ndiyo utafiti wa soko ambao kikundi kisingeweza kuulipia: wanauliza kuhusu cheti cha ubora, uzito wa mche, muda wa kusafirisha, kiwango cha chini cha kuagiza. Bei iwe tayari, imeandikwa, pamoja na gharama za kusafirisha. Ni aibu kumfundisha mteja kwa saa nzima na kisha kumwambia kwamba bei itatumwa baadaye. Siku ya pili, na isizidi ya tatu, kila aliyejiandikisha atumiwe ujumbe mfupi wenye rekodi, karatasi ya bei na jina la mtu mmoja wa kuwasiliana naye. Walioandikishwa wasihudhurie nao watumiwe. Kwa kawaida ni wengi, na baadhi yao walikuwa kazini tu.

Mfanyabiashara asijidanganye kwa wingi wa washiriki. Watu 300 ambao hawakununua hawafikii wenye maduka 9 ambao watatu kati yao waliomba sampuli. Na anayeuza hapa hapa, kama vile mwenye duka la vipuri vya pikipiki au saluni, huenda asihitaji webina kabisa. Wateja wake wako mtaani, na kundi la WhatsApp litamtosha.

Majina na namba za simu za washiriki ni amana. Jamhuri ya Muungano ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Bila ya kuingia katika mipaka ya sheria hiyo, adabu yake inafahamika: aliyejiandikisha kusikia habari za mwani asianze kupokea matangazo ya viwanja, na orodha isigawiwe kwa mwengine bila ya ruhusa yake. Anayetaka kurekodi aseme kabla ya kuanza.

Kuhusu usalama, yatosha kukumbusha kwamba mwaka 2020 watu wasioalikwa waliingia katika mikutano ya mtandaoni katika nchi nyingi na kuonesha mambo machafu mbele ya wanafunzi na hata katika ibada. Kiungo cha kuingilia kisibandikwe hadharani, mshiriki ajiandikishe kwa jina lake, na katika mikutano ya kawaida chumba cha kusubiri kiwashwe.

Pamoja na maandalizi yote hayo, waya unaweza kukatika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 njia mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani kwa siku kadhaa. Hakuna msimamizi awezaye kuzuia hilo, lakini anaweza kuwa na simu ya pili yenye laini ya kampuni nyengine, betri iliyojaa, kurasa zilizokwisha kutumwa kwa viongozi wa wilaya, na tangazo lililoandikwa tayari la kuahirisha semina hadi tarehe inayotajwa. Wilaya yenye kiongozi na kurasa inaweza kuendelea na mjadala wake hata mtandao ukizimika kabisa.

Mwisho ni rekodi. Rekodi ya saa mbili haitazamwi na mtu. Ikatwe vipande vya dakika tano hadi kumi, kila kipande na mada yake, na jina la faili liseme kilichomo na tarehe, si "video mpya 2". Nakala iwekwe katika kompyuta ya afisi na nyengine katika diski ya nje, na wilaya zisizokuwa na mtandao mzuri zipelekewe kwa kijiti cha kumbukumbu pamoja na barua za kawaida za meli. Isihifadhiwe katika simu ya afisa aliyeirekodi. Afisa huyo akihamishwa, rekodi, orodha ya maswali na neno la siri la akaunti vikabidhiwe kwa maandishi, siku ile ile anayokabidhi funguo za kabati.